Soketi iko wazi, moduli imezima: ushauri kwa anayeunganisha Python na vifaa vya moduli

Namba kwenye skrini ilikuwa 23.4. Nililala ikiwa 23.4, nikaamka bado ni 23.4. Programu yangu ya Python ilikuwa inaendelea na kazi, soketi (mlango ambao programu huzungumza kupitia kwake na mtandao) iko wazi, na logi haikuwa na hata mstari mmoja wa hitilafu. Nilikuja kushtuka pale nilipofunika kihisi joto kwa kiganja na namba ikakataa kusogea.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha moduli: moduli kuu yenye kebo ya mtandao, na nyuma yake moduli ndogo za joto, unyevu na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Usiku ule kebo fupi ya moduli ya joto ililegea, moduli ikakosa umeme kwa muda mfupi, kisha ikarudi. Iliporudi ilikuwa imesahau kila nilichoiagiza. Nilikuwa nimeiambia initumie kipimo kila joto linapobadilika. Agizo hilo lilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, likaondoka na umeme. Ikanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni joto lisilobadilika.

Tangu hapo sichanganyi tena vitu viwili ambavyo programu nyingi huvichanganya. Kuna muunganisho wa mtandao kati ya kompyuta na moduli kuu, na kuna uhai wa kila moduli iliyo nyuma yake. Cha kwanza kinaweza kuwa kizima huku cha pili kimekufa, na hata moduli ikirudi, si lazima irudi na hali uliyoiacha nayo. Ukiweka kigezo kimoja tu, `imeunganishwa = True`, umeshajifichia ukweli.

Kwa hiyo programu zangu sasa zina daftari. Ni kamusi ya kawaida ya Python ambayo ufunguo wake ni namba ya kipekee ya moduli, ile iliyoandikwa ndani yake kiwandani, na thamani yake ni mambo matatu: moduli hiyo ni ya kazi gani, inatakiwa iwe na mipangilio ipi, na mara ya mwisho ilisema nini na saa ngapi. Usitumie nafasi ya moduli kama jina lake ikiwa kifaa chako kinatoa namba ya kipekee. Siku mtu atakapochomoa moduli mbili kuzifuta vumbi na kuzirudisha kwa kupishana, programu inayotegemea nafasi itaandika unyevu kwenye safu ya joto bila kulalamika.

Kila muunganisho unapofunguka, iwe ni mara ya kwanza au ya hamsini, programu inauliza upya: nani yupo? Kila moduli inayojibu inalinganishwa na daftari, kisha inatumiwa mipangilio yake yote tena, hata kama naamini bado inayo. Kuituma mara mbili hakudhuru. Baadhi ya mifumo hutoa taarifa yenyewe moduli inapochomekwa au inapopata umeme upya. Mfumo wako ukiwa nayo, isikilize na ufanye yale yale. Kosa langu lilikuwa kuweka mipangilio juu kabisa ya programu, mahali panapopitiwa mara moja tu.

Na kipimo chochote kikae na saa yake. Namba isiyo na saa haisomeki kama ni ya sasa au ya jana.

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe, maana nao una ukimya wake. TCP, itifaki (kanuni za mazungumzo) inayobeba data kati ya kompyuta na moduli kuu, haitumi chochote kama hakuna cha kutuma. Mtu akichomoa kebo katikati, au swichi ikizimwa, kompyuta yako haipati habari. Ukiwa unasubiri kusoma tu, `recv`, yaani amri ya kusoma kutoka kwenye soketi, itasubiri bila kikomo. Wengi huwasha keepalive, yaani maswali ya mfumo ya kuangalia kama upande wa pili bado upo, wakadhani wamemaliza, lakini kwenye Linux thamani za kawaida ni kusubiri sekunde 7200 kabla ya kuuliza mara ya kwanza, kisha maswali 9 yenye nafasi ya sekunde 75. Jumla ni sekunde 7875, zaidi ya saa mbili. Hata ukiwa unaandika, Linux kwa kawaida hurudia kutuma mara 15 kabla ya kukata tamaa, na hiyo ni zaidi ya dakika 15. Unaweza kuzipunguza kwa `TCP_KEEPIDLE`, `TCP_KEEPINTVL`, `TCP_KEEPCNT` na `TCP_USER_TIMEOUT`, na ninashauri ufanye hivyo. Ila keepalive hujibiwa na mfumo wa mtandao wa moduli kuu. Haikuambii lolote kuhusu kihisi kilicho nyuma yake. Mimi nauliza mwenyewe kila sekunde tano swali dogo lisilobadilisha kitu, na ninalielekeza kwa moduli moja moja kwa zamu. Moduli isiyojibu mara mbili mfululizo naiandika kuwa haipo, na skrini inaonyesha mstari mtupu badala ya namba ya zamani.

Jambo linalowaumiza wengi wanaoandika soketi kwa mikono ni kudhani kwamba `recv` moja ni ujumbe mmoja. TCP ni mtiririko wa baiti. Ujumbe unaweza kuja vipande vipande, au miwili ikaja imeshikana. Kwenye meza, kifaa kikiwa karibu, utapata ujumbe mzima karibu kila mara, na ndiyo maana kosa hili hupita majaribio yote. Chukua Modbus TCP, itifaki ya vifaa vya viwandani ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti 502: kila ujumbe una kichwa cha baiti 7, ndani yake mkiwa na namba ya ombi, namba ya itifaki, urefu wa kinachofuata, na baiti moja ya kutambulisha kifaa kilicho nyuma. Soma kichwa kwanza, ndipo ujue mwili una ukubwa gani:

```
def soma_kamili(soketi, idadi):
    data = b""
    while len(data) < idadi:
        kipande = soketi.recv(idadi - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("upande wa pili umefunga")
        data += kipande
    return data

kichwa = soma_kamili(s, 7)
ombi, itifaki, urefu, kifaa = struct.unpack(">HHHB", kichwa)
mwili = soma_kamili(s, urefu - 1)
```

Urefu unapunguzwa moja kwa sababu unaihesabu ile baiti ya kifaa ambayo tumeshaisoma. Ule mstari wa `if not kipande` usiuache: baiti sifuri maana yake upande wa pili umefunga, na bila kuuangalia kitanzi kitazunguka milele huku kikila CPU.

Angalia ile namba ya ombi, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza wikendi nzima. Niliweka muda wa kusubiri wa sekunde moja. Moduli ya joto siku moja ilichelewa, sekunde moja na kitu. Programu ikachoka kusubiri, ikaandika hitilafu, ikaenda kuuliza moduli ya unyevu. Wakati huo huo jibu la joto likafika, na programu ikalipokea kama unyevu. Swali lililofuata likapata jibu la unyevu, na kuanzia hapo kila jibu lilikuwa nyuma kwa hatua moja. Namba zote zilikuwa halali, zilikaa tu mahali pasipo pake. Dawa ni mojawapo kati ya mbili. Itifaki ikiwa na namba ya ombi, ilinganishe na uliyotuma, na jibu lisilolingana ulitupe. Ikiwa haina, muda ukipita funga soketi na ufungue nyingine, hata kama inaonekana nzima. Mimi hufunga hata kwenye itifaki yenye namba, maana muda ukiishia katikati ya `soma_kamili`, nusu ya ujumbe imeshasomwa na huwezi tena kujua ujumbe unaofuata unaanzia wapi.

Kufunga nako kuna masharti. Vifaa hivi ni vidogo. Chipu ya mtandao W5100 ina soketi 4 tu kwa jumla, na W5500 inazo 8. Programu ikiuawa kawaida, mfumo wa kompyuta huaga upande wa pili kwa niaba yake. Lakini kompyuta ikizimika ghafla, au kebo ikikatika kisha programu ikafungua soketi nyingine, kifaa kinaendelea kuishikilia ile ya zamani. Ikitokea hivyo mara kadhaa, kifaa kitakataa kila mtu mpaka kizimwe na kuwashwa. Basi funga ya zamani ndani ya `finally` kabla ya kufungua mpya, na usiwe na haraka: subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, mpaka kikomo cha 30, ukiongeza kasekunde ka bahati nasibu. Umeme ukirudi, programu kumi zisigonge mlango mmoja kwa pamoja.

Soketi iwe na mwenyewe mmoja. Uzi (thread) mmoja ndio unaofungua, unaosoma, unaoandika na unaofunga. Nyuzi nyingine zote zinaweka maombi kwenye `queue.Queue`, foleni ya Python, na kusubiri majibu. Nimeona watu wakizungushia kufuli (lock) kila sehemu, na inafanya kazi mpaka siku uzi mmoja unapofunga soketi huku mwingine ukiwa katikati ya kusoma. Ukitumia maktaba inayokuitia kitendaji (function) data inapofika, usikiite kifaa kutoka ndani ya kitendaji hicho na kusubiri jibu, isipokuwa maktaba imekuruhusu waziwazi. Mara nyingi uzi unaokuita ndio huo huo unaopaswa kulipokea jibu. Kuhusu asyncio, njia ya Python ya kuendesha kazi nyingi ndani ya uzi mmoja, naipenda, na tangu Python 3.11 `asyncio.timeout` imerahisisha mengi. Lakini kwa vifaa vitatu au vinne, nyuzi za kawaida zinatosha na ni rahisi kuzifuatilia zikikwama.

Kwa moduli zinazotenda, kama relei, kuwa mwangalifu kuliko zote. Agizo lililopitwa na muda halimaanishi halikutekelezwa. Huenda jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa hiyo agiza “washa” au “zima”, kamwe usiagize “geuza”, kwa sababu ukirudia kugeuza umeharibu. Na baada ya kuunganisha upya, soma hali ya relei kabla ya kuigusa. Kama moduli yako inaweza kuwasha kwa muda maalumu, tumia uwezo huo: washa kwa sekunde 2 na ulirudie agizo kila sekunde. Programu ikifa au mtandao ukikatika, pampu au hita inazimika yenyewe.

Halafu jaribu kwa mikono yako. Chomoa kebo ya mtandao upande wa pili wa swichi, si kwenye kompyuta, ili kompyuta isione kwamba kebo imetoka. Hesabu sekunde mpaka programu igundue. Zima moduli kuu na uiwashe. Chomoa moduli moja ukiacha nyingine. Mwisho fanya lile ambalo mimi sikulifanya: chomoa moduli ya joto, irudishe ndani ya sekunde mbili, kisha ifunike kwa kiganja na utazame namba.