Demani mkononi: maswali yenu ya kuvua kwa tanga

Maswali ya leo yametoka kwa watu wanaoanza. Wamepata mtumbwi wa tanga, hawana injini, wanataka mshipi na kitoweo cha nyumbani. Nimefurahi sana, maana tanga humfundisha mtu kulisoma ziwa. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo mzee. Mimi na mwenzangu tumenunua mtumbwi wa tanga, tunauegesha Luchelele, kwenye Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria. Tutoke saa ngapi?

Marahaba. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, kumeshapambazuka, na saa tisa alasiri muwe mmesharudi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Asubuhi mtauwahi ukiwa bado unavuma taratibu kuelekea kaskazini, kwenye mlango wa ghuba. Jua likipanda, nchi kavu hushika joto na upepo hugeuka. Kuanzia saa tano au sita hivi unavuma kutoka ziwani na kuwaleta nyumbani. Anayetoka mchana huanza safari kwa kubisha, yaani kwenda zigizagi dhidi ya upepo, na jioni upepo ukifa anabaki na makasia na mikono iliyochoka.

Usiku msikae majini, angalau mwaka huu wa kwanza. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku mpaka alfajiri, kwa sababu pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kurusha mawingu juu. Kabla ya kutoka sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mkiwa majini mkaona wingu jeusi, halafu ubaridi wa ghafla ukawapiga usoni, tueni tanga kwanza, mengine mtaongea baadaye.

Na nawaomba jambo moja kama wanangu: demani, ile kamba ya kuongozea tanga, isifungwe kamwe. Ishikwe mkononi. Nilipokuwa kijana niliifunga kwenye ubao wa kukalia ili nipate mikono miwili ya kumtoa samaki ndoano. Upepo ukaja kwa mkupuo mmoja, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia kabla sijalifikia fundo. Tulishikilia mtumbwi uliopinduka mpaka wenzetu walipotuona. Kama ningekuwa nimeishika, ningeiachia tu, tanga likapepea, na mtumbwi ukasimama wima.

Nimehamia Mwanza kutoka Tanga. Kule tulikuwa tunatega kaa mikokoni. Huku nitege wapi?

Pole, ndugu yangu, kaa koko umewaacha huko huko. Yule anataka maji ya chumvi na tope la mikoko. Ziwa letu lina kaa wake wa maji baridi, utawaona kwenye mawe, lakini ni wadogo na nyama yao ni haba. Hawastahili safari ya mtumbwi. Ujuzi wako wa mitego usiutupe, hata hivyo. Huku kuna mgono, mtego uliosukwa, wenye mdomo mpana unaobana kuelekea ndani, na wazee waliutega kwenye midomo ya mito kungoja samaki wanaopanda wakati wa mvua, kama ningu. Ukitaka kutega, waulize kwanza viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wako (pale mitumbwi inapoegeshwa), ni wapi panaruhusiwa. Mahali samaki wanapozalia hapaguswi.

Ndoano namba ngapi, na chambo gani?

Kumbuka namba ikipanda, ndoano inapungua ukubwa. Wengi wanaoanza hununua ndoano ndogo kwa tamaa ya kupata chochote, wakaishia kuvuta watoto wa sangara. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, wala sato wa chini ya sentimita 25. Chukua rula, uweke alama hizo mbili kwa kisu kwenye ubao wa mtumbwi. Aliyepungua mrudishe upesi, mkono wako ukiwa umelowa ili usimkwangue utando.

Kwa sato, kaa karibu na mawe na majani, nanga chini, mshipi mwembamba, nyungunyungu kwenye ndoano. Kwa sangara, chambo hai ndicho mfalme: furu mdogo, au kambare mchanga, ambaye hudumu sana kwenye ndoano. Hapa ndipo tanga linapong'ara. Mkiwa na upepo wa wastani, buruzeni chambo nyuma ya mtumbwi kandokando ya miamba. Hakuna mlio wa injini, na mwendo ni ule ule wa samaki mdogo anayepita. Mmoja ashike usukani na demani, mwingine mshipi tu.

Utamnasa pia samaki aitwaye gogogo, hilo halikwepeki. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akishikwa huisimamisha na kuifunga isilale. Utamsikia akikwaruza, go-go-go, ni mashina ya miiba ya ubavuni yanayosugua matundu yake. Usimkamate kwa mkono mtupu. Mfunike kwa kitambaa kizito, mbane kwa nyuma ya kichwa, toa ndoano kwa koleo.

Nikivua kwa kujifurahisha tu, nahitaji leseni?

Usidhani mshipi mmoja hauhesabiki. Nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako, kisha jitambulishe kwa BMU. Na kaa mbali na Saanane. Kile kisiwa ni hifadhi ya taifa.

Kaka, mwanangu ana miaka 15, anataka kwenda na wavuvi wa tanga. Naogopa.

Dada, una haki ya kuogopa. Mwambie jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa tangu ufukweni. Wengi huligeuza mto wa kukalia, na mtumbwi ukipinduka huwezi kulivaa. Jambo la pili ni kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale wanaposukumia mitumbwi. Wapandie kwenye mwamba inapowezekana, na apimwe hata kama hajisikii vibaya, dawa ipo.

Sangara mkubwa akinasa tufanyeje?

Tueni tanga kwanza. Sangara anaweza kupita kilo 100, na hamuwezi kupambana na upepo na samaki kwa pamoja. Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja. Upite juu ya kitambaa kilicholowa, akivuta mpe, akilegea uchukue. Meno yake ni kama msasa, hayakati, lakini kifuniko cha shavu kina ncha inayopasua kiganja. Akichoka, atalala ubavu juu ya maji. Mwenzako ahamie upande wa pili kuweka mizani, na wewe umwingize kichwa kwanza, ukiwa umepiga magoti.