Muulize Shangazi: Mama mkwe keshawapa majina

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mume wangu ni Myoruba wa Abeokuta, Nigeria, na tunaishi Mwanza. Nina mimba ya miezi mitano, ultrasaundi imeonyesha mapacha. Mama mkwe kapiga simu: wa kwanza ni Taiwo, wa pili Kehinde, na Kehinde ndiye mkubwa. Hata hajawaona! Mimi nilishawaita Kurwa na Doto, na kwetu Kurwa ndiye mkubwa. Najiona kama nimebeba mimba ya watu.
Mama Kurwa, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Hongera, na pole kwa kuumia. Nimekaa Ibadan miaka sita, mume wangu alikuwa kikazi huko, kwa hiyo maneno ya mama mkwe wako nayajua yanakotoka. Hajakunyang'anya kitu. Wayoruba wana majina ambayo mtoto huja nayo mwenyewe kutoka mbinguni, orukọ amutọrunwa. Hayachagui bibi wala baba. Mapacha ni Taiwo na Kehinde, wawe wa kike au wa kiume, na atakayewafuata ni Idowu, kama kwenu anavyokuwa Shija. Aliyetanguliza miguu ni Ige. Hata wewe, Kurwa na Doto uliyatunga? Uliyakuta.

Kuhusu ukubwa, Taiwo ni aliyetangulia kuuonja ulimwengu, lakini wanasema Kehinde ndiye aliyemtuma: nenda kaangalie kukoje. Taiwo akilia, Kehinde anajua kunakalika, naye anatoka. Mkubwa ndiye anayetuma. Hilo hata Shinyanga liko hivyohivyo. Mkiwa Mwanza Kurwa awe mkubwa, mkienda Abeokuta awe Kehinde. Mimi sioni ugomvi hapo.

Nafasi yako iko siku ya nane baada ya kuzaliwa, siku ya sherehe ya kumpa mtoto majina. Nilialikwa kwa jirani yangu Ibadan, kapata binti. Mzee alichovya kidole kwenye asali akampaka mtoto mdomoni, mtoto akaramba. Ikaja chumvi, akakunja uso wote hadi bibi yake akacheka. Maji nayo, kwa kuwa maji hayana adui. Kulikuwa na orogbo, kokwa chungu ya kumwombea mtoto azeeke. Mbegu za ataare alitafuna mama mwenyewe. Zinawasha kuliko pilipili manga, machozi yakamtoka huku anatabasamu. Halafu bakuli likapita. Kila mwenye jina la kumpa mtoto alitumbukiza hela, akalitamka, na watu wote wakalirudia. Nilihesabu majina tisa! Shangazi mmoja alitoa Abeni, jina la kubembelezea: tuliyemwomba ndipo tukampata.

Jina lako lipite kwenye bakuli hilo, na uanze kulifikiria leo. Wayoruba husema nyumba hutazamwa kwanza ndipo mtoto apewe jina. Mlikaa muda gani bila mtoto? Mlipoteza nani? Jina lijibu hayo. Ukilitaka la Kisukuma, litamke kwa Kisukuma, kisha ueleze maana yake, maana ndiyo mama mkwe atakayoiuliza kwanza. Mwambie mumeo sherehe ifanyike hata kama ni hapohapo Mwanza na bibi yuko kwenye simu ya video. Bakuli lisikose.

Shangazi, hosteli kwetu kuna mvulana kutoka Lagos anaitwa Dada. Wenzangu wanamcheka. Kweli ni jina la mwanamume?
Msomaji, Morogoro

Ni jina lake kabisa, mwanangu, nalo ni la kuja nalo kama Taiwo. Dada ni mtoto aliyezaliwa na nywele zilizojisokota zenyewe, wa kike au wa kiume. Nywele hizo hazichanwi, wala hazinyolewi ovyo. Siku ya kunyolewa hufanyiwa shughuli yake. Waambie wenzako waache kumcheka. Na mkizoeana, muulize kama anakumbuka siku aliyonyolewa.