Kipande cha mbao ya dawa hakiingii jikoni

Karibu maswali yote yaliyonifikia mwezi huu yanahusu mbao za dawa, zile za kijani zilizotiwa dawa kiwandani zisioze wala kuliwa na wadudu, ambazo wengine hapa Goma wanaziita za otoklavi. Nimechagua saba. Mengine yanarudia yale niliyokwisha kujibu, na naomba msome majibu ya wenzenu kabla ya kuniandikia.

"Niliweka nguzo za dawa kwenye ua wangu Ndosho. Muuzaji alisema zitadumu miaka 20. Huu ni mwaka wa nne na tatu zimeshaanguka. Nimedanganywa?"

Mama, kabla ya kumrudia muuzaji, mwulize fundi wako alikata upande gani. Hapa kwetu tunachimba juu ya mawe ya volkano. Fundi anaanza shimo vizuri, akifika sentimita 30 chuma kinagonga jiwe. Badala ya kuendelea kuvunja, anachukua msumeno na kupunguza nguzo upande wa chini ili zote zilingane juu. Nimeliona hilo Katindo, nimeliona Himbi, na kila mara nguzo zimeoza palepale.

Dawa haienei mti mzima. Kiwandani nguzo kavu zinafungiwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, hewa inanyonywa, dawa inamiminwa, kisha inasukumwa kwa shinikizo la mara 10 la hewa ya kawaida au zaidi. Hata kwa nguvu hiyo dawa inaingia kwenye sehemu changa ya nje tu. Moyo wa mkaratusi, yaani ile sehemu ya kati, unaikataa. Kwa hiyo nguzo yako ni moyo usio na kinga uliovishwa pete ya dawa. Fundi alipokata chini aliuweka ule moyo kwenye udongo wenye maji, na ukungu ukapanda kwa ndani huku nje nguzo ikibaki kijani na nzuri.

Nguzo huoza zaidi kwenye usawa wa ardhi, kwa sababu hapo maji na hewa vinakutana. Mbao ambayo unyevu wake hauvuki asilimia 20 haiozi. Kwa nguzo mpya, ncha iliyotoka kiwandani iende chini, na kama lazima kupunguza, punguza juu. Kila ulipokata au kutoboa, paka dawa ya shaba ya kupaka kwa burashi mpaka mbao ikatae kunywa, rudia kesho yake. Chini ya shimo weka changarawe ya volkano, tunayo bure kila mahali. Zege lisiifunike ncha ya chini kama kikombe, maana kikombe kinatunza maji. Juu ya ardhi lipe mteremko ili mvua ikimbie.

Na usikubali fundi akuambie mawe ni magumu. Alijua ni magumu alipokubaliana nawe bei.

"Naweza kupaka mafuta ya vidanji juu ya mbao za dawa zidumu zaidi?"

Hapana. Hili nimelijibu mara nyingi. Mafuta machafu ya injini yanabaki juu juu, yanabeba madini ya injini hadi kwenye udongo ambapo watoto wanacheza, na yanaongezea moto chakula katika mji ambao nyumba za mbao zinagusana.

"Vipande vinavyobaki baada ya kujenga baraza, mke wangu anavipikia. Vinawaka vizuri kuliko makala (makaa). Kuna ubaya?"

Papa, acha leo. Jibu hili nalitaka lisomwe hata na wasiojenga kitu.

Dawa ya kijani iliyozoeleka zaidi kwenye nguzo ina vitu vitatu: shaba, kromu na aseniki. Ilibuniwa India na Sonti Kamesan mwaka 1933. Shaba inazuia ukungu, aseniki inaua wadudu na ule ukungu unaostahimili shaba, kromu inavifunga vyote kwenye mbao visitoke na mvua. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno, ndiyo maana nguzo za umeme zinasimama miongo. Lakini kromu haina nguvu mbele ya moto. Ukichoma kipande hicho, sehemu ya aseniki inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu pamoja na kromu na shaba, safari hii bila kufungwa na chochote.

Sasa fikiria jikoni zetu. Mbabula, lile jiko la makaa, iko ndani au kwenye kibaraza kidogo, mama ameinama juu yake, mtoto yuko mgongoni. Majivu hatuyatupi: tunasugulia sufuria, tunachanganya na maharage ya kuhifadhi, tunamwaga kwenye mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Aseniki ile inapita njia zote hizo hadi tumboni. Haina harufu ya kukuonya wala ladha. Inaharibu ngozi na mishipa ya fahamu polepole, na anayeipata kwa miaka anaweza kupata saratani.

Marekani viwanda viliacha kuitia dawa hii kwenye mbao za nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na Ulaya nayo iliibana wakati huohuo. Huko wana majiko ya gesi na magari ya kuzoa taka, na bado waliogopa. Sisi tunaopikia vipande ndio tuliopaswa kuogopa kwanza.

Najua makala yana bei na mbao iliyolala uani inaonekana kama zawadi. Kwa hiyo usiiache ilale. Siku ya kazi, kusanya vipande na unga wa msumeno kabla fundi hajaondoka, juu ya turubai, na usimruhusu avichukue kwenda kuuza kama kuni. Vipande virefu viwe vigingi vya kuzuia udongo kwenye ngazi. Vilivyo vifupi mno vifungwe kwenye mfuko vitupwe na taka zisizochomwa, mbali na maji. Wewe unayeuza mandazi Birere na unanunua kuni za mchanganyiko, vunja kila kipande ukitazame ncha. Ukiona pete ya kijani, rudisha.

"Nafuga kobayi hapa Bukavu, Kadutu. Nimepata mbao za dawa kwa bei nzuri. Vizimba vitafaa?"

Hazifai. Kobayi, yaani simbilisi, anatafuna kila kilicho mbele yake mchana na usiku, na wewe utamla yeye. Tumia mbao za kawaida, inua kizimba kutoka chini, kiwe chini ya bati, ubadilishe ubao unaoharibika. Wala unga wa mbao za dawa usiwe matandiko yao.

Umenikumbusha wanaotengeneza masanduku ya kupandia mboga kwa mbao hizi. Kama umeshatengeneza, tandika plastiki nene kati ya mbao na udongo, na viazi na karoti vipandwe mahali pengine.

"Misumari kwenye mbao zangu za dawa inatoa michirizi myeusi na vichwa vinakatika. Mbao ni mbovu?"

Misumari ndiyo mibovu. Shaba iliyo ndani ya dawa inakula chuma kitupu kinachogusana nayo penye unyevu, na dawa mpya zisizo na aseniki zina shaba nyingi zaidi, kwa hiyo zinakula haraka zaidi. Ongeza mvua ya Goma, ambayo moshi wa volkano ya Nyiragongo unaitia asidi. Wenye mabati wanajua. Nunua misumari na skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile za kijivu zenye ngozi nene na mikwaruzo. Zile zinazong'aa kama kioo zimepakwa zinki nyembamba tu, haifiki mbali. Chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Baraza ambalo watu watasimama juu yake usilibanie kwenye misumari.

"Nitajuaje mbao ni ya dawa kweli, si rangi tu?"

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nguzo kwenye depo moja, kijani safi, na nilipotoboa ya kwanza ndani ilikuwa nyeupe kama siku iliyokatwa. Zilikuwa zimechovywa kwenye pipa. Niliumia, maana nilikuwa nimempelekea mjane aliyeniamini.

Usitazame ncha. Kwenye ncha dawa inapanda na nyuzi za mti hata kama imechovywa tu. Ukinunua nyingi, lipia moja ya ziada, ikatwe katikati mbele yako. Pete ya rangi ionekane pande zote bila kukatika, sehemu yote changa ya nje hadi kwenye moyo. Kama rangi ni nyembamba kama ganda la yai, ondoka. Kwa mkaratusi chagua nguzo ya duara. Ya mraba imechongwa hadi moyo ukatokea nje, na pale hakuna dawa. Uliza pia kama ilikauka kabla ya kuingizwa mtungini, kwa sababu mti uliojaa maji hauna nafasi ya kunywa dawa, na ukikauka baadaye unapasuka na kufungua moyo kwa mchwa. Ikiwa bado inalowesha mikono, usiibebe; dawa haijashika.

Na wewe unayeuza mti uliochovywa kwa bei ya otoklavi, watu wanategemeza ngazi na paa za watoto wao juu ya neno lako.

"Kaka yangu amepata nguzo ya zamani ya umeme. Anataka kuipasua mbao atengeneze kitanda na meza ya kulia."

Asiipasue. Msumeno utatoa unga wenye dawa ile niliyoieleza juu, ataupumua yeye na majirani zake, na atabaki na mbao ambazo upande mmoja ni sumu na mwingine ni moyo usio na kinga. Mtu halali juu ya aseniki wala hali chakula juu yake. Kwanza ahakikishe aliyempa alikuwa na haki ya kuitoa, kwa sababu nguzo nyingi "za zamani" zilikuwa zimesimama jana. Kama ni halali, aikate mara chache iwezekanavyo, nje, amefunika pua na mdomo, juu ya turubai. Vipande vya mita mbili na nusu viwe nguzo za ua, sehemu iliyokuwa ardhini ikaguliwe kwa kuchomwa na bisibisi. Ikizama kirahisi, aiondoe sehemu hiyo. Ncha mpya apake dawa ya shaba mara mbili na aziweke juu, azivishe kofia za bati.

Unga wote aukunje ndani ya lile turubai kabla upepo wa ziwa haujaanza jioni.