Usiwaombe radhi watoto

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia kwenye simu juzi usiku nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nachambua mchele, nikaona jibu lake haliingii kwenye simu. Nikisema kwa mdomo nitalia, na wewe utalia, na vocha itakuwa imekwisha. Leo mfungo wa saba, jua kali, futari bado mbali. Nimekaa barazani naandika.

Umeniambia baba Rama hana kazi tangu Rajabu, na nguo za sikukuu pamoja na vitu vya kuchezea mwaka huu haviwezekani. Ukakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza kila kitu hapa nyumbani, ukasema unataka kuwafanyia hivyo na wanao. Halafu ukamalizia na neno lililonichoma: "Mama, nikiwapa vitu vya kushona mkono, nitawaambia nini?"

Usiwaambie kitu. Wape tu.

Nina kisa ambacho huenda wewe hukikumbuki. Sikukuu ya mwaka 2001, ile iliyoangukia Desemba, baba yako alikuwa amepunguzwa kazi. Nilikushonea mtoto wa bandia kwa kanga yangu kuukuu, nikamjaza sufi, nywele nikamtia za katani. Nilimshona usiku kwa kujificha, kibatari nimekiweka chini ya meza. Jioni ya kuamkia Idi nikakupa. Ukamfunga mgongoni, ukaenda naye mpaka chooni, ukamlisha tambi. Nami kukuona vile roho ikaniuma, nikajiona kama nimekudanganya. Nikakuita, nikakwambia, "Nisamehe mwanangu, mwaka huu mama hana hela. Mwaka ujao inshallah nitakununulia wa dukani, yule anayefumba macho."

Ukaniangalia mimi. Ukamwangalia yeye. Asubuhi wenzio walipokuja kukupitia mwende kiwanjani, hukutoka naye. Nilimkuta mchana nikitandika kitanda, umemsukumiza chini ya godoro upande wa ukutani, uso chini.

Kabla sijafungua mdomo ulikuwa na mtoto. Nilipomaliza kusema ulikuwa na matambara. Miaka yote hii sijawahi kukuambia, nadhani kwa aibu.

Bibi yako hakuwa na ujinga huo. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka minane, tukikaa kambini, babu yako akifanya kazi kwenye korona ya mkonge, ile mashine ya kukamulia katani. Ninyi mmeusoma mwaka ule kuwa ni mwaka wa wahujumu uchumi. Sisi tuliujua kwa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, kitambaa ndiyo usiulize. Mitumba hakuna, ilikuja kujaa baadaye enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi. Idi ikaangukia Julai. Bibi yako akafungua sanduku lake, akatoa kanga aliyokuwa ameiweka tangu mimi sijazaliwa, imeandikwa WEMA HAUOZI, akaitandika mkekani akaikata katikati. Mama mkubwa wako Mwanaidi akapata gauni lenye WEMA mgongoni. Langu likatoka na HAUOZI.

Basi sikukuu nzima jina langu likawa hilo. "Hauozi, njoo uchukue visheti!" "Hauozi, mama yako anakuita!" Hata mwalimu wa chuoni, mzee mkali yule, akaniita Hauozi akacheka mpaka akashika mbavu. Na hiyo ndiyo Idi ninayoikumbuka kuliko zote, maana bibi yako alitusimamisha mlangoni kama maharusi, akatuzungusha, akauliza kwa sauti majirani wasikie, "Nani kambi hii ana gauni kama hili?" Na kweli, hakuwapo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usiifanye usiku kwa kujificha kama mimi. Baada ya futari tandika mkeka, waite, mshone wote. Kitaharibika kitu, ndiyo. Kitapinda. Wewe utataka kukinyoosha wakilala, kiache.

Mtoto wa bandia wa binti yako Tatu ni rahisi. Chukua kipande cha kanga cha shibiri mbili, kikunje upande mzuri uwe ndani, chora mtu kwa mkaa: kichwa, mikono, miguu minene, maana myembamba haigeuki. Shona kuzunguka kwa mishono midogo, acha nafasi ya vidole viwili ubavuni, mgeuze. Sufi muachie Tatu ajaze mwenyewe, asukumie kwa mpini wa mwiko. Najua atajaza kichwa mpaka kiwe kama nazi na tumbo liwe bapa. Hayo ndiyo mapenzi yake, na mtoto huyo atamtambua gizani. Macho yashonwe kwa uzi mweusi. Usitie vifungo, maana yule mwanao mdogo wa miezi kumi kila kitu kwake ni chakula, na kifungo kikinyofoka hakitakwenda kwingine ila kooni. Nywele ni katani. Ichovye kwenye maji ya manjano ukitaka awe na rangi, au kwenye maji ya choya yaliyochemka sana. Kausha kivulini kabla ya kushonea, la sivyo itachuja kwenye nguo ukahangaika kufua.

Gari la Rama ni kazi ya baba yake, usimpokonye. Mwanamume asiye na kazi mwezi mzima anakaa na simu mkononi, akiulizwa na mtoto anajibu "subiri". Mpe wembe na ndala iliyokatika. Apindue kikombe cha kahawa juu ya soli, achore duara, akate magurudumu manne. Bodi iwe kopo la mafuta ya kupikia la plastiki au boksi gumu, ekseli kijiti cha mwanzi au waya. Lakini asisahau mkongojo wa kusukumia, waya mrefu wenye usukani juu. Mtoto wa miaka sita hataki gari la kuinamia, anataka la kukimbia nalo amesimama, akikata kona kwa mdomo wake mwenyewe. Ncha zote za waya zipindwe ndani kwa plaizi. Huyu babu yako ndiye alikuwa fundi. Sisi alituchongea lori zima kwa ule mlingoti wa mkonge, mti unaochomoza katikati mmea ukishazeeka, mwepesi kama sifongo, kisu cha jikoni kinaukata. Huko kwenu hamtaupata.

Mapambo msihangaike nayo sana. Madaftari ya zamani yakatwe vipande, viungwe pete ndani ya pete, gundi ni kijiko cha unga wa ngano uliokorogwa kwenye kikombe cha maji ya baridi, ukawekwa motoni mpaka uwe mzito. Ukibaki na chelewa za fagio na gazeti, tiara hiyo. Kwa upepo wa huko kwenu itapanda.

Kuna mambo mengine lakini usibane. Hina ya Tatu usiku wa kuamkia sikukuu, hata iwe ya vidole tu. Udi kidogo nyumbani asubuhi. Na mkono wa Idi: nenda dukani mapema kabla wengine hawajamaliza chenji, ubadilishe noti upate sarafu za mia mbili zinazong'aa, kila mmoja umpe ya kwake mkononi. Mtoto akiwa na pesa yake mwenyewe kiwanjani anatembea tofauti. Visheti pika hata kilo moja ya unga, watoto wakunje, kisha Rama apeleke sahani kwa majirani ikiwa imefunikwa kawa. Apeleke kabla ya kuletewa. Hapo nasisitiza. Nyumba inayopeleka sahani kwanza, watoto wake hawajioni wamepungukiwa.

Najua utauliza: na akija mwenzie na gari la betri, lenye taa na king'ora? Atakuja, mtaani kwenu hakosekani. Rama atalitamani, na pengine atalia. Muache atamani, mwanangu. Usimkimbilie na ahadi, usimwambie lake ni bora kwa sababu limetengenezwa na baba, mtoto si mjinga kiasi hicho. Mpanguse pua tu. Betri nazo zina siku zake, na baada ya muda utawaona wamebadilishana, huyu anasukuma lile na yule anasukuma hili. Na wasipobadilishana, basi. Atakuwa amejua kwamba kuna watu wana kitu na yeye hana, jambo ambalo angelijua tu, na bora alijue akiwa karibu na goti lako.

Mimi hela ya kukutumia sina, unajua hali ya bei ya nazi. Ila nimekufungia kifurushi, nitampa kondakta wa basi la Jumamosi asubuhi, ukipokee stendi ya Mbezi kabla ya adhuhuri. Mna fungu la katani niliyokwishaichana kwa kitana, mfuko wa sufi, na vipande vitatu vya kanga. Ukiwa unamsuka huyo mtoto nywele waambie watoto ile ya babu yako aliyokuwa akitusimulia sisi: kwamba Mjerumani Hindorf alipoleta mkonge Tanga mwaka 1893, miche iliyobaki hai ilikuwa 62 tu, ndiyo ikazaa mashamba yote yale. Babu yako alikuwa akilaani na kusifu katika sentensi hiyo hiyo, mgongo wake ukimuuma.

Msalimie mume wangu Rama, mwambie mke wake mkubwa anataka apigiwe picha akiwa na gari. Na huyo mke mwenzangu Tatu mwambie nimesikia hataki kusuka, tutaonana. Baba Rama mpe salamu zake, na umwambie nimemwombea kwenye tarawehe.

Sindano nimeichomeka kwenye kile kipande chekundu, pembeni, na uzi wake mweusi umo. Itoe kwanza kabla hujawafungulia watoto.

Mama yako