Waziri wa Uingereza anaposema "jambo hili liko chini yangu" kisha akaendelea na kazi

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu utawala bora, na sura moja inalinganisha mfumo wetu na wa Uingereza. Kwetu tukisema waziri awajibike, kila mtu anaelewa kuwa tunataka ajiuzulu. Lakini katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza nakutana mara kwa mara na mawaziri wanaosimama, wanakiri kwamba jambo liko chini yao, wanaomba radhi, kisha wanaketi na kuendelea na kazi. Je, ipo sheria inayomlazimu waziri wa Uingereza kujiuzulu? Na kati ya waziri na katibu mkuu wake, ni nani hasa anayebeba mzigo binafsi mambo yanapoharibika? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la kwanza lina jibu fupi: haipo. Hakuna sheria ya Bunge la Uingereza inayomtaka waziri ajiuzulu kwa sababu wizara yake imekosea. Kinachotawala ni desturi ya katiba, yaani kanuni ambayo mahakama haziilazimishi lakini wanasiasa hujiona wamefungwa nayo, na sambamba na desturi hiyo upo waraka wa Waziri Mkuu uitwao Kanuni za Mawaziri, ambao kwa kawaida hutolewa upya kila anapoingia kiongozi mpya. Swali la pili ndilo lenye uzito, na kulijibu inabidi kwanza tulitazame neno lenyewe.

Neno "kuwajibika" kwa asili ni kuwa na wajibu tu. Katika siasa za Tanzania likapata maana ya kuachia ngazi, na nadhani Mzee Ali Hassan Mwinyi ana mchango mkubwa katika hilo, kwa kuwa alipojiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, kutokana na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, vifo ambavyo yeye mwenyewe hakuviagiza, alituachia kipimo ambacho kila waziri aliyefuata amepimwa nacho. Waingereza kwa upande wao wanatenganisha mambo mawili ambayo neno letu limeyafunga pamoja. La kwanza ni kutoa hesabu: kusimama mbele ya Bunge, kueleza kilichotokea, kutoa takwimu zilizo sahihi na kusema kasoro itarekebishwaje. La pili ni kubeba lawama, na pengine kulipia lawama hiyo kwa cheo. La kwanza waziri anadaiwa kwa kila jambo la wizara yake, hata kosa la karani ambaye hajawahi kumwona kwa macho. La pili hadaiwi mpaka kuwe na kitu cha kumuunganisha yeye binafsi na kosa. Kwa hiyo waziri uliyemsoma, aliyekiri na kisha akaketi, si lazima awe amekwepa. Huenda amelipa deni la kwanza kikamilifu, na kilichobaki ni kuuliza kama alikuwa anadaiwa la pili.

Msingi wa kisheria wa deni la kwanza ni kesi ya Carltona ya mwaka 1943, iliyohusu kiwanda cha vyakula kilichotwaliwa na serikali wakati wa vita. Wenye kiwanda walilalamika kwamba uamuzi ulifanywa na afisa, si na mwenye mamlaka aliyetajwa katika kanuni. Jaji Lord Greene akasema mawaziri wana kazi nyingi mno kuweza kuzifanya wao wenyewe, hivyo uamuzi wa afisa ni uamuzi wa waziri machoni pa sheria, na ndiyo maana waziri huyo huyo hujibu bungeni. Akimpa kazi nzito afisa asiyeiweza, Bunge litamuuliza yeye.

Kuhusu deni la pili, karibu kila mwalimu wa sheria ya katiba huanza na Crichel Down, nami sina sababu ya kuanza kwingine. Ilikuwa ardhi ya ekari 725 katika jimbo la Dorset, iliyochukuliwa mwaka 1938 na wizara iliyosimamia jeshi la anga ili iwe uwanja wa mazoezi ya kudondosha mabomu. Vita vilipokwisha haikurudishwa kwa wenyewe. Ilihamishiwa Wizara ya Kilimo, ambayo ilitaka kuifanya shamba la mfano na kumpangisha mtu mwingine kabisa. Mrithi wa sehemu kubwa ya ardhi hiyo na mumewe, afisa wa zamani wa jeshi la majini, wakaomba warudishiwe na wakazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Hawakukata tamaa, na hatimaye ukafanyika uchunguzi wa hadhara ambao taarifa yake iliwaumbua maafisa kadhaa kwa majina. Julai 1954 waziri, Sir Thomas Dugdale, akasimama bungeni na kujiuzulu.

Kwa miaka mingi tukio hilo lilisimuliwa kama mfano wa muungwana aliyebeba dhambi za watumishi wake. Mimi naona simulizi hiyo imepambwa mno. Dugdale alikuwa akiifahamu na kuiunga mkono sera iliyozaa mgogoro, na waliomsukuma zaidi walikuwa wabunge wa chama chake mwenyewe, waliochoshwa na serikali kung'ang'ania ardhi za watu muda mrefu baada ya vita kwisha. Kilichodumu zaidi kuliko kujiuzulu kwake ni maneno aliyoyasema Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir David Maxwell Fyfe, katika mjadala huo huo. Alisema kwamba afisa akitekeleza amri ya waziri, au akifuata sawasawa sera iliyowekwa, waziri hana budi kumkinga. Afisa akiteleza katika jambo lisilo kubwa, waziri hulikubali kosa na kulisahihisha bila kumwanika aliyelitenda. Lakini afisa akifanya jambo la aibu ambalo waziri hakulijua na halikubali, waziri halazimiki kulitetea, ingawa bado ni yeye atakayelieleza Bunge. Kwa ufupi, hata pale lawama zinapomwondokea, deni la kutoa hesabu halimwondokei. Ikiwa tasnifu yako ina nafasi ya chanzo kimoja tu cha Uingereza, ningekushauri uchukue kumbukumbu za mjadala huo.

Tangu hapo mawaziri wamejifunza kujificha nyuma ya mstari unaotenganisha sera na utendaji. Septemba 1983 wafungwa 38 walitoroka katika gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini. Waziri James Prior hakujiuzulu. Hoja yake ilikuwa kwamba kutoroka huko hakukusababishwa na sera yake. Mwaka 1995, baada ya wafungwa watatu kutoroka gereza la Parkhurst, Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, alimfukuza kazi Derek Lewis, mkuu wa Idara ya Magereza, idara ambayo ilikwisha kufanywa wakala unaojiendesha. Waziri akasema utendaji ni wa Lewis. Lewis akasema waziri alikuwa haachi kuingilia utendaji huo. Serikali ikaishia kumlipa fidia. Sitaki kusema mstari wenyewe hauna maana, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka waziri ajiuzulu kila komeo la gereza linapovunjika, lakini tatizo ni kwamba anayeuchora ni waziri mwenyewe, tena baada ya tukio. Bajeti ya makomeo ni sera au ni utendaji?

Kuna eneo moja ambalo mstari huo hauokoi mtu, nalo ni kulidanganya Bunge. Machi 1997, kufuatia uchunguzi wa Sir Richard Scott kuhusu uuzaji wa zana kwenda Iraq, Baraza la Commons lilipitisha azimio kwamba waziri lazima alipe Bunge taarifa za kweli, arekebishe kosa la bahati mbaya mara anapoligundua, na kwamba anayepotosha kwa kukusudia anatarajiwa kuwasilisha barua ya kujiuzulu kwa Waziri Mkuu. Azimio hilo limo ndani ya Kanuni za Mawaziri hadi leo. Ndiyo maana Aprili 2018 Amber Rudd aliondoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara yake ilikuwa imewatendea vibaya watu wenye asili ya Karibiani waliohamia Uingereza kihalali miongo kadhaa kabla, hadi baadhi yao wakazuiliwa na kufukuzwa nchini, na kwa hilo aliomba radhi akabaki. Kilichomwondoa ni kuiambia kamati ya Bunge kwamba wizara haina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini, ilhali nyaraka zilizovuja zilionyesha kuwa malengo yalikuwapo. Katika barua yake alisema aliipotosha kamati bila kukusudia. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa kwamba jibu lisilo sahihi limekuwa zito kuliko maisha ya watu yaliyovurugwa, nami nashangaa pia, lakini mantiki yake iko wazi: mfumo wote umesimama juu ya kutoa hesabu, na anayetoa hesabu ya uongo amevunja kitu pekee alichodaiwa bila masharti. Boris Johnson naye hakuhukumiwa na Bunge kwa sababu ya hafla zilizofanyika ofisini kwake wakati wa karantini. Faini ya polisi ya 2022 aliilipa akabaki Waziri Mkuu. Juni 2023, akiwa tayari ameacha uongozi na amejiuzulu ubunge siku chache kabla, Kamati ya Haki za Bunge ilisema aliwapotosha wabunge kwa kukusudia, na Baraza likaikubali taarifa hiyo kwa kura 354 dhidi ya 7.

Sasa nije kwa katibu mkuu. Huyu huvaa kofia mbili, na watafiti wengi huiona moja tu. Katika mambo ya kawaida, afisa anayehojiwa na kamati ya Bunge huzungumza kwa niaba ya waziri, hana maoni yake. Lakini katika fedha, katibu mkuu ni Afisa Masuuli, na hapo hujibu kwa jina lake mwenyewe mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1861, kuhusu uhalali wa matumizi na thamani ya fedha iliyopatikana. Waziri akimwagiza atumie fedha kwa jambo ambalo katibu mkuu haoni kuwa lina thamani, katibu mkuu hapaswi kutii kimya kimya, wala hawezi kukataa tu. Humwandikia waziri akieleza pingamizi lake na kuomba maelekezo ya maandishi. Maelekezo yakitolewa, anatekeleza, nakala inakwenda kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kuanzia hapo mzigo ni wa waziri peke yake.

Mwaka 1991 Sir Tim Lankester, katibu mkuu aliyesimamia misaada ya nje, alipinga serikali kutoa pauni milioni 234 kwa ajili ya bwawa la umeme la Pergau nchini Malaysia, akisema mradi hauna faida ya kiuchumi. Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, akatoa maelekezo ya maandishi. Novemba 1994 Mahakama Kuu ikatamka kwamba msaada huo ulikuwa kinyume cha sheria, na pingamizi la Lankester lilikuwa sehemu ya ushahidi wa jinsi mradi ulivyokuwa mbovu tangu mwanzo.

Mfano wa pili unagusa kanda yetu. Aprili 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliovuka bahari kwa mashua ndogo. Katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Matthew Rycroft, alimwandikia waziri wake, Priti Patel, kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha mpango utawatisha watu kiasi cha kuhalalisha gharama zake. Angalia uangalifu wa hoja hiyo: hakusema mpango hautafanya kazi, alisema yeye kama Afisa Masuuli hana msingi wa kusema utafanya kazi. Patel alijibu kwa maandishi kwamba ukosefu wa takwimu usiwe sababu ya kuchelewesha, akamwelekeza aendelee. Barua zote mbili zilichapishwa. Mpango ulipofutwa na serikali mpya Julai 2024, Rwanda ilikuwa imekwisha kulipwa pauni milioni 290, na mtu yeyote anayetaka kujua fedha hizo zilitoka kwa uamuzi wa nani hahitaji tume.

Lipo pengo ambalo sitalifunika. Anayeamua kama waziri amevunja Kanuni za Mawaziri, na adhabu iwe nini, ni Waziri Mkuu. Novemba 2020 mshauri wa maadili, Sir Alex Allan, alieleza kwamba mwenendo wa Patel kwa watumishi ulifikia kiwango cha uonevu. Waziri Mkuu Johnson akaamua kwamba kanuni hazikuvunjwa, na aliyejiuzulu akawa mshauri. Kanuni za Novemba 2024 zimempa mshauri uwezo wa kuanzisha uchunguzi bila kusubiri idhini, na Septemba 2025 Naibu Waziri Mkuu, Angela Rayner, aliondoka baada ya mshauri kuona amekiuka kanuni katika suala la kodi inayolipwa serikalini mtu anaponunua nyumba. Hata hivyo, neno la mwisho limebaki pale pale.

Kwa sura yako, basi, nakushauri usijenge ulinganisho juu ya idadi ya waliojiuzulu hapa na kule, kwa kuwa kujiuzulu kwingi Uingereza huamuliwa na hesabu za chama kuliko na desturi. Nasi tunaye Afisa Masuuli na tunayo Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC), kwa majina hayo hayo. Chukua hoja chache ambazo makatibu wakuu wetu wamehojiwa nazo kuhusu miradi iliyoagizwa na wanasiasa, kisha tafuta kama katika faili ipo barua ya pingamizi na barua ya jibu.