Katoka soba hausi mara ya pili na karudi kwenye pombe, je AA inasaidia kweli au ni dini nyingine?

Mkuu umesema mdogo wako katoka soba hausi mara ya pili na wiki haijaisha kashaonekana kilabuni Kiboriloni, ukauliza hii AA wanayoitaja watu (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe) ni dini mpya au inasaidia kweli. Mi niko humo miaka sasa, hapa hapa Moshi, ngoja nikujibu.

Kwanza elewa kuacha pombe sio kazi, kila mlevi kashaacha mara kibao. Mi niliacha kwa kiapo mbele ya wazee, nikaacha kwa kuombewa, viroba vilivyopigwa marufuku 2017 nikasema sasa basi, kumbe nahamia chupa kubwa na mbege, akili ya mlevi hiyo. Soba hausi nayo inakuachisha, geti limefungwa, mfukoni huna kitu, utakunywa nini? Kazi inaanza ukishashuka stendi na kibegi chako na kila unayemfahamu yuko kijiweni anakunywa.

Hapo ndo AA inapoingia, na ukijua ilivyoanza utaelewa inavyofanya kazi. Mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, kuna jamaa wa mambo ya hisa anaitwa Bill, ana miezi kama mitano hajagusa pombe, kaenda kibiashara dili limebuma, kasimama hotelini anasikia kelele za baa. Badala ya kuingia baa akaenda kwenye simu akaanza kupigia watu wa kanisa wamtafutie mlevi mwingine wa kuongea nae. Wakamuunganisha na Bob, daktari wa upasuaji, mlevi haswa. Bill hakwenda kumuokoa Bob, alikwenda ili YEYE asinywe usiku ule. Bob aliteleza mara moja tu baada ya hapo, akaacha Juni mwaka huo huo mpaka anakufa 1950. Mlevi akimshika mkono mlevi mwenzie wanapona wote wawili, hizo stepu 12, yaani hatua tunazozifuata ili tubaki bila pombe, walikuja kuziandika baadae, kitabu kikatoka 1939.

Kuhusu dini, Mungu yumo kwenye stepu lakini imeandikwa Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Kwetu kuna Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, na kuna mzee mmoja haamini chochote, yeye anasema nguvu iliyomzidi ni sisi tuliokaa kwenye viti. Hakuna ada wala kujaza fomu, kikapu kinapita mwenye buku anaweka ya chai na chumba, asiyenayo anakunywa chai hiyo hiyo. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa.

Inasaidia? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 za watu zaidi ya 10,000, wakaona programu zinazomuunganisha mtu na AA zinafanya watu wengi zaidi wabaki bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine kama ile ya maongezi na wanasaikolojia. Ila kuna wanaokuja mara moja na hatuwaoni tena, sitakudanganya.

Kilichonishika mimi ni sponsa, yaani mtu aliyetangulia anayekupitisha stepu kwa stepu. Stepu ya 9 ya kurekebisha ulikoharibu mi nilitaka kukimbilia kwa mzazi mwenzangu nikalie magotini, sponsa akakataa kata kata, akasema huyo dada kaolewa ametulia, ukienda unatua mzigo wako unamtwika yeye, na stepu yenyewe inakataza kama utamuumiza mtu. Akanituma kwa mama wa duka niliyekuwa na deni lake la siku nyingi, tena akasema usiende na machozi nenda na hela. Nililipa kidogo kidogo, yule mama hata hakunisifia, alikata jina kwenye daftari akaendelea kupima sukari.

Halafu Desemba, we unajua Desemba ya kwetu. Ndugu wote wako mgombani, baba mdogo anakupa kata ya mbege kwa heshima na ukikataa umemdharau. Sponsa alinifundisha: pokea kwa mikono miwili, shukuru, mpitishie wa pembeni yako. Wataniuliza mangi umeokoka? nasema dawa za daktari, nachukua soda, na giza likiingia mi nishaondoka.

Sasa la haraka. Kama dogo anakunywa kila siku na asubuhi anatetemeka mpaka azimue, MSIMFUNGIE NDANI aache ghafla, anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa na watu wanakufa hivyo. Mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC, aachishwe na madaktari, mitingi baadae.

Na wewe acha kumlipia madeni ya kilabuni. Kuna Al-Anon ya ndugu wa walevi, ipo toka 1951, kama hapa mjini hujaipata mitingi zao zipo mtandaoni. Namba yangu nitakutumia inbox, ila usinipigie wewe mkuu, mpe dogo apige mwenyewe, hata akiwa amelewa nitapokea.