Kurudi kwenye baiskeli theluji ikiisha

Hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, baiskeli nyingi hulala kuanzia Novemba hadi Machi. Siku ya kwanza yenye joto kila mtu anaitoa yake, na wengi hujiuliza tu kama miguu bado ina nguvu. Miguu isikusumbue sana, maana ikichoka itakuambia yenyewe. Mimi nahofia zaidi barabara, kwa sababu ile uliyoiacha kabla ya theluji siyo utakayoikuta.

Majira yote ya baridi manispaa humwaga chumvi na mchanga ili magari yasiteleze. Theluji ikiyeyuka mchanga unabaki, na magari huusukuma pembeni, palepale tunapopita sisi. Kwenye kona ndiko unakojaa zaidi. Punguza mwendo kabla hujaifikia kona, pinda baiskeli ikiwa wima kadiri inavyowezekana, na ukiwa juu ya mchanga usiminye breki ya mbele. Kisha kuna mashimo. Mchana maji huingia kwenye nyufa za lami, usiku yanaganda na kutanuka, lami inapasuka, na kazi hiyo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Dimbwi usilikanyage hata likionekana dogo, kwani huwezi kujua kina chake.

Asubuhi maji yaliyoyeyuka jana huwa barafu nyembamba isiyoonekana, hasa chini ya madaraja. Njia ninayoipenda kuliko zote mjini, Midtown Greenway, imefuata reli ya zamani iliyochimbiwa chini ya usawa wa mitaa, kwa hiyo kivuli hukaa humo muda mrefu. Ni salama kwa kuwa haina magari, lakini mwezi Machi mimi huipita mchana, jua likishafanya kazi yake.

Madereva nao wamekaa miezi bila kutuona wengi barabarani. Sheria ya Minnesota inamtaka dereva anayekupita akuachie nafasi isiyopungua futi 3, ila usiendeshe ukidhani kila mmoja anaikumbuka. Washa taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hata mchana. Saa husogezwa mbele mwezi Machi, na asubuhi iliyokuwa imeanza kupambazuka mapema inarudi kuwa giza. Pita mbali na magari yaliyoegeshwa, kiasi kwamba mlango ukifunguliwa ghafla usikufikie.

Sisi tuliokulia Kenya, Tanzania au Uganda tuna jambo letu la ziada. Mwili ulijifunza baiskeli upande wa kushoto, na baada ya miezi ya kupumzika mazoea ya utotoni hurudi kwanza. Hatari haiko kwenye barabara yenye magari mengi, kwani huko unafuata msafara. Iko kwenye mtaa mtupu, ukimaliza kukata kona, ambako hakuna gari la kukukumbusha upande. Kila nikikata kona katika siku za mwanzo, najisemea kwa sauti: kulia. Na kona ya kushoto, inayokatisha njia ya magari yanayokuja, ukiona shaka shuka uvuke kwa miguu kwenye taa.

Baiskeli yenyewe ikague nyumbani. Tyubu hupoteza upepo hata ikiwa imesimama tu ndani, kwa hiyo jaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, huku ukiangalia kama mpira umepasukapasuka. Sukuma baiskeli na uminye breki ya mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kuinuka. Minya ya nyuma: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha, na hapo mpelekee fundi, tena mapema, kabla joto halijamletea foleni. Mnyororo ufute kwa kitambaa, utie mafuta tone kwa tone, kisha ufute yaliyozidi, la sivyo yatanasa mchanga uleule.

Sheria ya hapa haikulazimishi kuvaa kofia ngumu. Nakusihi uvae, na kama iliwahi kugongwa vibaya, nunua nyingine. Vaa glavu pia, maana vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kufika kwenye breki.

Safari za mwanzo ziwe fupi, siku moja uende na siku inayofuata upumzike, maana makalio huchelewa kuzoea kiti kuliko mapaja yanavyozoea mlima. Kama magoti yanauma, pima kiti: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Tumia gia nyepesi, zungusha haraka badala ya kusukuma kwa nguvu. Upepo wa Aprili katika tambarare hizi ni mkali, kwa hiyo anza kwa kwenda kinyume chake, ili wakati wa kurudi, umechoka, ukusukume hadi nyumbani.